Taa Ilifika, Mafiga Yakabaki

Ukinunua mahindi gulioni Ziba, wilaya ya Igunga, muuzaji atataka kujua unahitaji debe ngapi. Tumelizoea neno hilo mpaka tumesahau kwamba debe halikuja huku kupima nafaka. Lilikuja limebeba mafuta ya taa. Lilikuwa bati la galoni nne, kama lita 18 hivi, na mafuta yakiisha hakuna aliyelitupa. Lilichotewa maji, likapimiwa mahindi, likakunjuliwa likapigiliwa mlangoni au juu ya paa. Makopo madogo nayo yakatiwa utambi, yakawa koroboi.

Kwa hiyo historia ya nishati ya mkoa wa Tabora ipo sokoni, mbele ya macho ya kila mtu. Nataka kuifuata kwa swali moja dogo la nyumbani: familia ikipata fedha kidogo ya kuboresha maisha ndani ya nyumba, inanunua nini kwanza, na nani anaamua? Nikitazama miaka 150 na ushee iliyopita, naona jibu linajirudia. Mwanga umebadilishwa mara nyingi sana. Moto wa kupikia, katika nyumba nyingi, bado unakaa juu ya mafiga matatu yaleyale.

Tuanze na tembe. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, nyumba ya kawaida ya nchi hii ilikuwa tembe: ukuta wa miti na udongo, paa la bapa lililofunikwa udongo, mwanga kidogo sana kutoka nje. Ndani, moto mmoja ulifanya kazi zote. Ulipika, uliangaza, ulitoa joto usiku wa kipupwe, na moshi wake ulifukuza wadudu. Nje kulikuwa na moto wa pili, ule ambao Wasukuma wanauita shikome, mahali pa wazee na vijana kuketi jioni kwa hadithi na mafundisho. Mioto miwili hii haikuwa na hadhi sawa. Wa nje ulikuwa wa maneno, wa ndani ulikuwa wa kazi. Ukitaka kuelewa kwa nini televisheni huja kabla ya jiko, si vibaya kukumbuka jambo hilo.

Miaka hiyo hiyo, utajiri mkubwa ulikuwa unapita mlangoni. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilifika Tabora, ikaendelea hadi Ujiji, na wapagazi Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu mpaka pwani kwa miguu. Pembe hizo zilivuka bahari, na sehemu kubwa iliishia kwenye viwanda vya Deep River na Ivoryton, jimbo la Connecticut huko Marekani, zikakatwa kuwa vitufe vya piano. Kilichorudi bara kilikuwa nguo za merikani, shanga, waya, bunduki na baruti. Wapenzi wa vitabu wanaomfahamu Tippu Tip, aliyeandika maisha yake kwa Kiswahili, wanajua jinsi simulizi lake lilivyojaa pembe, baruti na nguo. Ndivyo biashara ile ilivyokuwa. Ilihesabu kila kitu chenye bei. Mzigo wa kuni uliopikia msafara haukuwa na bei, basi haukuingia kwenye hesabu.

Wakati huo Wamarekani walikuwa wameanza kuchimba mafuta. Kisima maarufu cha Pennsylvania kilitoa mafuta mwaka 1859, na kabla karne haijaisha mafuta ya taa ya Marekani yalikuwa yanashushwa Zanzibar. Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912, kitu kizito kama debe la mafuta hakikuhitaji tena kichwa cha mpagazi kutoka pwani. Maduka yakayapokea, na nyumba zikapanda ngazi ya taa: koroboi kwa asiye na kitu, chemli kwa mwenye nafasi kidogo, karabai kwa dukani, kanisani, msibani na harusini. Ukiona karabai inawaka uani kwa mtu, ulijua leo kuna jambo.

Lakini kwa nini mafuta ya taa yalishinda, tena mpaka kwenye nyumba maskini kabisa? Si kwa sababu yalikuwa mazuri. Koroboi inatoa moshi, inachafua dari, na imeunguza nyumba nyingi. Yalishinda kwa sababu yalikubali kugawanywa. Debe liligawanywa kuwa chupa, chupa ikagawanywa kuwa vipimo vidogo, na mtu mwenye sarafu chache angeweza kwenda dukani jioni akarudi na mwanga wa usiku mmoja. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana tutalihitaji mbele: kwa mtu ambaye fedha zake huja kidogo kidogo, nishati inayouzwa kidogo kidogo ndiyo inayoingia nyumbani.

Kisha ikaja redio na betri zake. Wengi waliokulia mikoa hii wanakumbuka betri zilizochoka zikianikwa juani ili zipate nguvu ya kusikiliza taarifa ya habari ya jioni. Fedha ya kununulia vitu hivi ilitoka kwenye pamba upande wa Igunga na Nzega, na kwenye tumbaku upande wa Urambo na Tabora. Ilikuja mara moja kwa mwaka, na kwa kawaida ilipita mkononi mwa baba, maana jina lililoandikwa kwenye chama cha msingi lilikuwa lake. Msimu ukiwa mzuri, nyumba ilipata baiskeli, bati, redio, taa. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba kila kilichonunuliwa kilikuwa badala ya kitu kingine chenye bei. Kuni hazikuwa na risiti. Zililipiwa kwa saa za mama na binti zake, na saa hizo hazikuandikwa popote.

Bei hiyo isiyoandikwa ikapanda. Ukanda huu ulifyekwa miti kwa miongo mingi, kwanza kupambana na mbung'o, baadaye kupata mashamba. Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 ikawakusanya watu mahali pamoja, na watu wengi wakiokota kuni kuzunguka kijiji kimoja, kuni za karibu huisha. Ndiyo maana katika nchi ya pamba utakuta mama anapikia mabua ya pamba au ya mahindi. Mabua hayo huwaka haraka na kuzimika haraka, kwa hiyo mpishi haondoki jikoni. Anakaa na moshi.

Umeme nao ulichukua njia ya taa. Ulianza Dar es Salaam mwaka 1908 chini ya Wajerumani, ukawekewa kampuni mbili mwaka 1931, na serikali ikazichukua mwaka 1964. Kwa muda mrefu sana ulikuwa mali ya miji. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ukaanza kazi mwaka 2007. Katikati hapo, vijiji vingi havikusubiri nguzo. Sola ilitangulia. Simu ya mkononi ilihitaji chaji, na huduma za kutuma fedha kwa simu zikawezesha kampuni kukopesha paneli na kulipwa kila siku au kila wiki. Unaona? Ni ile ile hesabu ya kipimo cha mafuta ya taa. Leo serikali inasema vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na gridi, na kazi iliyobaki ni vitongoji. Kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000, na kwa nyumba isiyo na uwezo wa kufunga nyaya kuna kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari.

Sasa turudi kwenye swali la familia yenye fedha kidogo. Tufanye hesabu kwa vidole. Paneli ya wati 50, ikipata saa tano za jua zuri, inatoa wati-saa 250. Toa kinachopotea njiani na kwenye betri, ubaki na kama 200. Taa nne za wati 5 kwa saa tano ni 100. Televisheni ndogo ya wati 20 kwa saa tatu ni 60. Simu mbili tatu zinamaliza zilizobaki. Hapo nyumba imeng'aa na watoto wanasoma. Lakini jiko la koili la wati 1,000 likiwaka saa moja tu linakula umeme wa siku tano wa paneli hiyo. Yaani sola hii ndogo ni mrithi wa chemli. Si mrithi wa mafiga, na anayekuuzia kwa maneno kwamba "itafanya kila kitu" hajafanya hesabu, au ameifanya akanyamaza.

Gesi je? Inapika vizuri na haina moshi, na mtungi wa kilo 6 umeuzwa kwa ruzuku vijijini. Tatizo lake ni lile la debe ambalo halijagawanywa: ikiisha, unatakiwa uwe na fedha ya mtungi mzima siku hiyo hiyo. Usipokuwa nayo, mtungi unakaa kwenye kona na kuni zinarudi. Umeme wa LUKU, kwa upande mwingine, unanunuliwa hata kwa shilingi elfu moja. Na presha kuka ya umeme haichoti umeme muda wote, maana ikishapata presha inajizima na kujiwasha. Maharage ya familia ya kawaida hayafiki uniti moja. Nyumba inayopika hivyo mara moja kwa siku, na kuwasha taa na televisheni, inaweza kubaki chini ya uniti 75 kwa mwezi, kundi ambalo hulipa bei nafuu zaidi. Umeme ukikatika, mafiga bado yapo. Hakuna aliyesema yang'olewe.

Wapo wanaosema akina mama wa vijijini hawapendi mabadiliko. Waulize vizuri. Jiko jepesi linateleza ukisonga ugali wa watu kumi, mafiga hayatelezi. Viazi vya matobolwa vinachemshwa kwenye sufuria kubwa ambayo presha kuka haiwezi kuibeba. Hayo ni majibu ya mtu anayeijua kazi yake, na yanatakiwa kusikika kabla ya kununua, si baada.

Mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania kufikia mwaka 2034. Ni mara ya kwanza jiko kupewa nafasi ambayo taa imekuwa nayo tangu zama za debe. Lakini mkakati wa Dodoma hauamui kitakachonunuliwa Ziba baada ya msimu wa pamba. Hilo linaamuliwa nyumbani, jioni moja, na mara nyingi mpishi yuko jikoni wakati linajadiliwa. Aitwe aketi. Kwenye daftari ambalo limeandikwa bei ya paneli, betri na televisheni, ziandikwe pia saa anazotumia kutafuta kuni kila wiki. Halafu familia ichague.