Swichi Iliyopanda Mlima: Kutoka Pangani Hadi Lushoto

Mvua ikinyesha Lushoto, maji hayakai. Hushuka Soni, hupita Mombo, huingia Mto Mkomazi na kuishia Mto Pangani, na kabla hayajafika baharini hukutana na mitambo ya umeme Hale na Pangani. Umeme unaozaliwa huko huingia gridi ya Taifa, na gridi hiyo ndiyo inayotuletea mwanga huku juu. Safari ya maji kila mtoto wa Usambara anaijua. Safari ya umeme kupanda mlima haijasimuliwa sana, na katika safari hiyo kuna kifaa kimoja ambacho hakitajwi hata siku ya uzinduzi. Kifaa hicho ni swichi.

Taa za kwanza za umeme Tanganyika ziliwashwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1908, wakati mji wetu wa Lushoto ukiitwa Wilhelmstal. Mwaka 1931 serikali ya Waingereza iliikabidhi huduma hiyo kwa kampuni mbili binafsi. DARESCO ilichukua Dar es Salaam na baadhi ya miji ya bara. TANESCO ilipewa Tanga, na kazi yake ilikuwa kutumia maporomoko ya Pangani ili mji na mashamba ya mkonge yapate nguvu. Katikati ya miaka ya 1930 mitambo ya Pangani ilianza kuzunguka. Kwa hiyo jina la TANESCO, ambalo leo liko kwenye bili za umeme kote Tanzania Bara, lilizaliwa kwa ajili ya mto huu wetu. Hale ikafuata mwaka 1964 na megawati 21, na Pangani mpya mwaka 1995 na megawati 68.

Historia ya umeme tunaihesabu hivyo, kwa megawati. Leo bwawa la Julius Nyerere peke yake lina uwezo wa megawati 2,115. Lakini taa zikizimika Lushoto jioni ya masika, mara nyingi chanzo hakiko bwawani. Kiko kwenye laini ya msongo wa kati, ile ya kilovoti 33 au 11, inayokatiza mikaratusi na misindano kuufuata mteremko. Hapo ndipo swichi inapopimwa.

Mafundi huiita swichigia: kabati la chuma lenye breka, fyuzi, vipimo na mitambo ya ulinzi. Tawi likiangukia waya, mkondo wa umeme huongezeka mara nyingi kwa kufumba na kufumbua. Breka lazima ikate. Ncha zake zinapoachana, kati yake huzuka ulimi wa moto mkali kuliko wa tanuri la mhunzi, na ulimi huo usipozimwa mara moja utayeyusha kila kilicho karibu. Historia yote ya swichigia ni historia ya kutafuta namna ya kuuzima.

Jibu la kwanza lilikuwa mafuta. Mwanzoni mwa karne ya 20, viwanda kama Reyrolle cha Hebburn, Uingereza, vilianza kufungia swichi ndani ya masanduku ya chuma, na breka za mafuta zikatawala kwa miongo mingi. Ulimi wa moto uliyachemsha mafuta, gesi iliyotoka ikaupoza, umeme ukakatika. Ila kila breka ilipokata hitilafu kubwa, mafuta yalizidi kuwa meusi. Ilibidi fundi ayapime na kuyabadilisha, na asipofika kwa wakati, breka yenyewe ingeweza kulipuka. Kwa kituo kilicho karibu na karakana hilo lilivumilika. Kwa laini ya mlimani, ambako barabara hubomolewa na maporomoko ya udongo kila mvua zikizidi, ni mzigo.

Jibu lililo bora zaidi lilikuwa limeshaonekana mwaka 1926 huko California, pale watafiti Sorensen na Mendenhall walipojaribu kukata umeme ndani ya chupa isiyo na hewa. Bila hewa, ulimi wa moto hauna cha kula isipokuwa mvuke wa chuma cha ncha zenyewe, na mkondo unapopita sifuri, jambo linalotokea mara 100 kwa sekunde katika umeme wetu, ulimi huo hufa. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kutengeneza chupa isiyovuja na ncha zisizoharibika, ndipo breka za ombwe zikaingia sokoni. Breka ya daraja la M2, yaani la uimara wa juu wa mitambo, leo hujaribiwa kufungua na kufunga mara 10,000.

Gesi ya SF6 nayo ilipendwa kwa kuuzima ulimi huo, kwa kuwa huruhusu kabati dogo lililofungwa kabisa. Lakini ikivuja, kilo moja hupasha dunia joto zaidi ya mara 23,000 ya kilo moja ya hewa ukaa. Umoja wa Ulaya umeizuia katika mitambo mipya ya hadi kilovoti 24 tangu Januari 2026, na ya hadi kilovoti 52 itafuata mwaka 2030. Anayenunua kabati la gesi leo ajiulize nani atalihudumia miaka 30 ijayo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Kanuni za kimataifa za IEC huchukulia kwamba swichigia itafungwa mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Lushoto uko kwenye mita 1,400 hivi. Shume, juu zaidi mlimani, inakaribia 2,000. Huku juu hewa ni nyepesi, na hewa nyepesi huzuia umeme kwa udhaifu zaidi. Kwa hesabu ya IEC, kinga ya nje ya kifaa cha Lushoto inatakiwa iongezwe kama asilimia 5, na ya Shume asilimia 13. Ombwe lililo ndani ya chupa halijui mwinuko, maana limefungwa. Lakini vikombe vya kauri na nafasi kati ya waya na waya vinaijua hewa ya mahali hapo. Kifaa kilichofaa Tanga mjini kinaweza kushindwa na radi ya Magamba, na lawama ikaishia kwenye mvua.

Kuna pia ukungu. Unyevu huingia kabatini usiku, hutanda juu ya kinga, na umeme hupata njia ya kutambaa. Hita ndogo ndani ya kabati huuondoa, mradi iwe inafanya kazi.

Asubuhi moja baada ya radi nilimkuta fundi chini ya nguzo, matope yamemfika magotini, ameshika fimbo ndefu ya faibaglasi. Juu yake fyuzi moja kati ya tatu ilikuwa imedondoka na kuning'inia kama embe lililokauka. Aliishusha, akabadilisha waya wake mwembamba, akairudisha. Mlio mmoja, na redio ya duka la jirani ikaanza kuimba. Sehemu ya kijiji ilikuwa gizani tangu jioni kwa tawi ambalo lilishaanguka chini lenyewe. Rikloza, yaani breka ya nguzoni inayokata, kungoja sekunde chache na kujaribu tena, ingelimaliza jambo hilo kabla chakula cha jioni hakijapoa.

Kwa hiyo wanaoandika zabuni za laini za mlimani nawaomba mambo machache. Dai cheti cha majaribio kutoka maabara huru, kama KEMA ya Arnhem, Uholanzi. Dai kabati lililothibitishwa kwamba likilipuka kwa ndani, moto hautamrukia fundi aliyesimama mbele yake. Uliza vipuri vitapatikana wapi. Na mwinuko wa mahali, mita 1,400 kwa Lushoto na karibu 2,000 kwa Shume, uandikwe kwenye ukurasa wa kwanza, kabla ya bei.