Shule za Summerton: Nani Alishika Mkia?

Leo naanza kwa kukiri kosa. Miaka michache iliyopita, mtihani wa KCPE ulipokuwa bado unafanywa, mhariri aliniagiza habari ya shule za msingi zilizoshika mkia. Nikaiandika kwa mbwembwe: majina ya shule, wastani wa alama, kichwa cha habari kikubwa. Sikuuliza hata swali moja kuhusu watoto waliokuwa ndani ya madarasa yale. Tangu nisome historia ya mji mmoja mdogo wa Marekani, habari ile inanikera kila nikiikumbuka.

Mji wenyewe ni Summerton, katika Clarendon County, jimbo la South Carolina, nchi ya mashamba ya pamba. Kule Marekani shule za umma huendeshwa na wilaya za shule, na wilaya moja inaweza kuwa ndogo kama kata yetu, ikiwa na bodi yake. Summerton ilikuwa wilaya nambari 22. Wakati huo watoto weusi na wazungu walisoma mbalimbali kwa amri ya sheria.

Hebu tuangalie hesabu. Mwaka wa shule wa 1949-50, county nzima ilikuwa na wanafunzi weusi 6,531 katika shule 61, na wazungu 2,375 katika shule 12. Yaani karibu robo tatu ya watoto walikuwa weusi. Lakini shule zote 61 za weusi zilithaminiwa dola 194,575, na zile 12 za wazungu dola 673,850. Ukigawanya unapata dola 30 hivi kwa mtoto mweusi na 284 kwa mtoto mzungu. Matumizi ya mwaka nayo: dola 43 kwa mweusi, 179 kwa mzungu. Sasa wape watoto hawa mtihani mmoja, halafu ushangae matokeo!

Wazazi hawakuanza na madai makubwa. Waliomba basi. Wazungu walikuwa na mabasi ya shule, wakati watoto weusi wengine walitembea hadi maili 9, kama kilomita 14, kwenda tu. Wazazi wakachanga wakanunua basi kuukuu, likawa linaharibika kila mara. Mchungaji na mwalimu Joseph DeLaine akawahimiza waende mahakamani, na mkulima Levi Pearson akajitokeza. Mwaka 1948 kesi yake ikatupwa. Kisa? Shamba lake lilikuwa mpakani na kodi alikuwa akilipa wilaya nyingine ya shule.

Novemba 1949 wazazi wengi zaidi wakatia sahihi ombi la kutaka shule zilizo sawa. Jina lililokuja kubeba kesi ni la Harry Briggs, aliyekuwa akifanya kazi kituo cha mafuta. Alifutwa kazi. Mkewe Eliza, mfanyakazi wa hoteli ndogo ya wasafiri, naye akafutwa. Nyumba ya DeLaine ikachomwa moto mwaka 1951, na mwaka 1955 akalazimika kulikimbia jimbo lake. Haya yote kwa sababu ya shule za watoto, ndugu zangu.

Kesi ilisikilizwa Charleston Mei 1951. Siku ya kwanza kabisa wakili wa wilaya alikiri kwamba shule hazikuwa sawa, akaomba muda zirekebishwe. Wakili wa wazazi, Thurgood Marshall, hakutaka kuishia hapo. Alimleta mwanasaikolojia Kenneth Clark, aliyekuwa amewaonyesha watoto weusi 16 wa Clarendon wanasesere wawili, mweupe na mweusi. Watoto 10 walimpenda mweupe. Watoto 11 walisema mweusi ndiye mbaya. Hiyo hasara haionekani kwenye thamani ya jengo.

Majaji wawili kati ya watatu waliwakatalia wazazi. Jimbo likaanzisha kodi ya mauzo ya asilimia 3 kujenga shule mpya za weusi, ili mradi watoto wasichanganyike. Lakini tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi tano kwa pamoja, hiyo ya Summerton ikiwamo, kwamba kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba.

Ungedhani hadithi imeishia hapo. La hasha. Summerton ilikaa zaidi ya miaka kumi bila kubadilika. Mwaka 1965, wanafunzi weusi wachache walipoanza kuingia shule ya wazungu, shule ya binafsi ya wazungu ikafunguliwa mwaka huohuo. Kufikia miaka ya 1970 shule za umma zilikuwa zimebaki za weusi karibu watupu. Sheria ilifungua mlango, na wenye uwezo wakatoka kwa mlango wa nyuma.

Kwa nini nawaletea habari za Summerton? Kwanza, Marshall huyohuyo alikwenda London mwaka 1960 kuwashauri wajumbe wetu Waafrika kwenye mkutano wa Lancaster House, akaandika rasimu ya haki za msingi za Kenya. Pili, mlango ule wa nyuma naujua. Januari 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bure, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Nilikuwa darasa la pili. Mwaka uliofuata baba akanihamishia akademi, kwa sababu darasa letu lilikuwa limefurika. Simlaumu, alinitakia mema. Lakini waliohama nami ndio wazazi waliokuwa na sauti ya kumbana mwalimu mkuu na diwani. Waliobaki ndio wale niliokuja kuwaandika kwamba wameshika mkia.

Nikiagizwa habari ile tena, alama nitaziandika. Ila nitaanza kwa kuuliza watoto wako wangapi darasani, kila mmoja anatengewa shilingi ngapi, na ni nani aliyeondoka. Nawe msomaji, ulibaki au ulihamishwa?