Kicheko cha mtoto hakiagizwi: kutoka vita ya London mpaka Goma yetu

Wandugu, wengi wetu hapa tumeshafanya kandarasi ya miezi mitatu ao sita kwenye mashirika ya misaada. Unafika na licence yako ya agronomia ukidhani utagawa mbegu za maharagwe, kesho yake unaambiwa: "Nenda usaidie kwa watoto." Unapewa mpira, filimbi na tisheti. Kazi yako ni moja: wacheke. Na picha za kicheko zitaingia kwenye ripoti.

Lakini kumtuliza mtoto kwa mchezo na utani ni kazi yenye historia yake. Na historia hiyo ina onyo kwetu sisi wa Goma.

Bon, tuanze Ulaya. Mwaka 1927 Sigmund Freud, daktari wa Vienna, aliandika makala fupi juu ya ucheshi. Wazo lake, kwa maneno yangu: mtu anayetania akiwa katika hatari, ni kama mzazi aliye ndani yake anamwambia mtoto aliye ndani yake kwamba dunia hii inayotisha si kitu, ni mchezo tu. Yaani utani ni mzazi anayetuliza mtoto. Sawa. Sasa mzazi mwenyewe akiwa anatetemeka, nani atamtania mtoto?

Swali hilo lilimkuta binti yake, Anna Freud, huko London. Mwaka 1941, wakati wa mabomu ya Wajerumani, yeye na rafiki yake Dorothy Burlingham walifungua nyumba za kulea watoto wa vita, mtaa wa Hampstead. Hawakuwakataza watoto kucheza vita. Waliwatazama na kuandika. Watoto walijenga nyumba na kuzibomoa, wakacheza mabomu, wakarudia tena na tena. Na kitu kimoja kiliwashangaza: mara nyingi kilichomuumiza mtoto kuliko bomu lenyewe ni kutenganishwa na mama yake.

Mwaka 1947, Marekani, Virginia Axline akatoa kitabu juu ya tiba ya mchezo. Kanuni yake kubwa ni rahisi kusema, ngumu kufanya: mtoto anaongoza, mkubwa anafuata. Humharakishi. Humchagulii cha kuhisi. Nikiipeleka kanuni hiyo kwenye kicheko, naona hivi: mtoto akileta utani, cheka naye, asipouleta, usimlazimishe.

Halafu kuna kisa cha 1993. Watoto wa Barcelona walikuwa wanaandikiana na watoto wakimbizi wa vita ya Yugoslavia waliokuwa Croatia. Wakimbizi wale wakajibu kwamba walichokosa ni kucheka. Basi mchekeshaji wa sarakasi, Tortell Poltrona, akaenda kambini kuwachezea. Hapo ndipo lilipozaliwa shirika la Payasos Sin Fronteras, wachekeshaji wasio na mipaka. Angalieni vizuri: ni watoto wenyewe walioomba kicheko. Hawakuletewa juu ya ripoti ya mtu.

Turudi nyumbani. Mwezi wa saba 1994, kwa siku chache tu, mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka na kuingia Goma. Kipindupindu na magonjwa mengine yakaua karibu watu 50,000 katika mwezi wa kwanza. Kibumba, Katale na Mugunga zikajaa watoto waliobaki peke yao. Kazi ya kwanza ilikuwa maji, chakula na kutafuta ndugu zao. Ile fomu ya "espace ami des enfants" tunayoijua leo ilikuja baadaye: UNICEF iliianza 1999 huko Albania, kwa watoto waliokimbia Kosovo, kisha ikasambaa mpaka kwetu.

Lakini je, kabla ya mashirika hatukuwa na kitu? Tulikuwa nacho. Koko anayemwita mjukuu wake "bwana yangu" na kumwambia hajaleta mahari, ile ni kazi. Mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown aliandika juu ya mahusiano ya utani mwaka 1940, akaonyesha kwamba sehemu nyingi za Afrika babu na wajukuu wana ruhusa ya kutaniana ambayo baba na mtoto hawana. Baba anaogopwa, koko anataniwa. Na hadithi zake za Sungura anayemdanganya Fisi zinamwonyesha mtoto kitu anachokihitaji sana: mdogo anaweza kumcheka mkubwa na akabaki hai. Vita inapotenganisha familia, mtoto hapotezi chakula tu. Anapoteza pia mtu aliyekuwa na haki ya kumtania.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 Nyiragongo ikalipuka, lava ikapita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu. Kizazi changu tulikuwa wadogo sana. Tuliporudi kutoka Gisenyi, kwenye avenue yetu tulibuni mchezo: mmoja anakuwa volkano, anatufuata polepole kama lava, akikugusa unakuwa jiwe, husogei mpaka mwenzako aje kukuachilia. Mwenye kuwa volkano alitoa sauti za tumbo linalouma. Tulicheka mpaka tukaanguka. Hakuna mkubwa aliyetufundisha. Wakubwa wengine walitugombeza: "Mambo ya kufa hayachezewi!" Leo nikisoma watoto wa Hampstead walivyocheza mabomu, naona tulikuwa tunafanya kazi ileile. Kile kilichotufukuza nyumbani, sasa sisi ndio tulikiamuru kiende ama kisimame.

Ndiyo maana nasema kuna onyo. Si kila kicheko ni dawa. Tangu wakati wa makadogo wa 1996 mji huu umeona watoto waliobeba silaha. Mtoto wa namna hiyo anaweza kucheka akisimulia kifo. Kicheko kile ni ngao, usikipigie makofi. Na mtoto anayelia, ukimwambia "acha kulia, cheka kidogo", umemfundisha kwamba huzuni yake inakusumbua wewe.

Mei 2021 volkano ilirudi, watoto wengine wakapoteana na wazazi njiani. Januari 2025 vita ikaingia mjini, na baada ya wiki chache kambi za pembeni zikavunjwa. Watoto wale wako wapi? Wako kwenye avenue zetu, kwa shangazi, kanisani, wengine barabarani kama mayibobo. Wengi hawatamwona mwanasaikolojia. Watatuona sisi.

Basi ukipewa tena filimbi na tisheti, kaa chini kwanza. Uliza watoto wanacheza nini wewe usipokuwepo. Omba nafasi ndogo katika mchezo wao: uwe jiwe, uwe Fisi anayedanganywa, uwe mjinga wa mchezo. Utani umwangukie mkubwa, usimwangukie mtoto. Tena, kama kuna koko karibu, mwite aje akae nanyi. Na mtoto asiyecheka leo, mwachie nafasi yake. Mbegu haivutwi kwa mkono ili iote haraka, hilo sisi wa agronomia tunalijua.

Na ninyi, baada ya 2002 mlicheza nini? Andikeni hapo chini, tukusanye michezo hiyo kabla haijasahaulika.