Mtu Mzima na Vitabu vya Katuni



Miongoni mwa vitu ambavyo mwalimu wa zamu hakupenda kuvikuta ndani ya dawati la mwanafunzi ni kitabu cha picha. Tuliosoma miaka ya 1970 twakumbuka visa vya mpelelezi Lance Spearman vilivyopita mkono kwa mkono bwenini mpaka kurasa zikalegea. Tuliambiwa kwamba hayo ni mambo ya kitoto, na kwamba mtu akishakua huyaacha pamoja na kaptula. Makala hii yataka kuonyesha, kwa mfano kutoka Marekani, kwamba watu wazima wachache waliokataa kuyaacha waliifanyia historia kazi kubwa, na wakamwokoa mtu mmoja asisahauliwe.

Chimbuko la mashujaa

Hadithi za mashujaa wenye nguvu za ajabu zilipata umaarufu kwa Superman, aliyetokea katika toleo la kwanza la Action Comics, lenye tarehe ya Juni 1938, lililouzwa kwa senti 10. Waliomtunga, Jerry Siegel na Joe Shuster, walikuwa vijana wa mji wa Cleveland. Walilipwa dola 130, na haki zote zikawa mali ya mchapishaji. Mwaka 1939 akafuata Batman katika toleo la 27 la Detective Comics, akitajwa kuwa ni kazi ya mchoraji Bob Kane peke yake.

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya biashara ile. Watungaji na wachoraji wengi walifanya kazi kama vibarua, wakalipwa kwa ukurasa, na majina yao hayakuchapishwa. Msomaji alimjua shujaa, hakumjua aliyemtunga.

Kisha zikaja siku mbaya. Mwaka 1948, huko Binghamton katika jimbo la New York, wanafunzi wa shule moja walikusanya vitabu hivi na kuvichoma moto. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alichapa kitabu cha kudai kwamba katuni zinawaharibu watoto, na Seneti ya Marekani ikaketi kulichunguza jambo hilo. Wachapishaji waliingiwa na hofu, wakajiwekea kanuni kali. Wakati huo mashujaa wengi walikuwa wamekwisha kutoweka. Gazeti la All-Star Comics, lililokuwa na kundi la mashujaa waliopendwa sana, liligeuzwa mwaka 1951 kuwa la visa vya wachunga ng'ombe.

Mwalimu wa Detroit

Hapo ndipo anapoingia Jerry Bails. Alizaliwa mwaka 1933, na utotoni alilipenda hilo All-Star kupita kiasi. Alipokua akawa mwalimu wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Wayne State, mjini Detroit. Lakini mapenzi hayakumtoka. Alimtafuta kwa barua mtungaji Gardner Fox, wakaandikiana, na mwishowe akanunua kwake nakala za All-Star zilizokuwa zimejalidiwa.

Kwa njia ya Fox huyo huyo akafahamiana na kijana wa Missouri, Roy Thomas, ambaye naye alikuwa mwalimu, wa somo la Kiingereza. Mwaka 1961 Bails akatoa gazeti dogo liitwalo Alter-Ego, lililochapwa kwa mashine ya kurudufu kama zile tulizochapia mitihani. Mwaka huo huo mhariri Julius Schwartz alianza kuchapisha anwani kamili za wasomaji walioandika barua kwa magazeti yake. Jambo hilo laonekana dogo, lakini ndilo lililowawezesha wapenzi waliotawanyika nchi nzima kuandikiana wao kwa wao. Mwaka 1964 wakaanza kukutana ana kwa ana, New York na Detroit. Thomas aliacha ualimu mwaka 1965, na kufikia 1972 akakikalia kiti cha mhariri mkuu wa Marvel.

Bails hakuacha kazi yake. Saa za mapumziko alizitumia kutafuta jibu la swali moja: nani alichora nini, na nani alitunga nini? Aliwaandikia wazee wa kazi hiyo, na yeye na wenzake wakalinganisha mikono ya wachoraji ukurasa kwa ukurasa. Matunda yake, aliyoyatoa pamoja na Hames Ware kati ya 1973 na 1976, ni mijalada minne ya orodha ya watu walioijenga sanaa hiyo.

Haki ya Bill Finger

Faida ya juhudi hizo yaonekana wazi katika habari za Bill Finger. Huyu ndiye aliyeandika kisa cha kwanza cha Batman, akashauri joho na kofia yenye masikio, na akatoa majina ya Bruce Wayne na Gotham. Lakini mkataba ulikuwa wa Kane. Mwaka 1965 Finger alizungumza mbele ya wapenzi waliokutana New York, na Bails akayaandika hayo yote katika makala aliyoyasambaza. Kane akajibu kwa barua ya hasira, akikanusha.

Finger alikufa mwaka 1974 bila kuliona jina lake mahali palipostahili. Kane mwenyewe alikiri mchango wa mwenzake katika kitabu chake cha mwaka 1989. Baadaye mwandishi Marc Tyler Nobleman akaifuatilia habari hiyo, akampata mjukuu wa Finger, na mwaka 2015 kampuni ya DC ikakubali kumtaja Finger pamoja na Kane. Ilikuwa miaka 50 tangu makala ya Bails, na Bails mwenyewe alikwisha fariki mwaka 2006.

Funzo kwetu

Wapo wanaovipima vitabu hivi kwa fedha tu, maana nakala moja ya lile toleo la kwanza la Action Comics iliuzwa mnadani mwaka 2024 kwa dola milioni 6. Lakini Bails hakutafuta fedha. Alitafuta majina ya watu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Magazeti ya ukutani tuliyoyabandika shuleni, michezo ya kuigiza tuliyoitunga, michoro iliyopamba majarida kama hili, yote yalikuwa na wenyewe. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kuwataja? Enyi vijana, mkichora au mkitunga, tieni majina yenu na tarehe. Nasi tuliotangulia tufungue masanduku yetu, tuandike tunayoyakumbuka kabla hatujaondoka.