Njia ya Kwenda Kwenye Mionzi

Mwanamke wa Tarime au wa Mugumu akishaambiwa kwamba uvimbe wa titi ni saratani, swali linalofuata ni la safari. Katika miaka ya 1990 safari hiyo ilikuwa ya ajabu. Mionzi ilipatikana Ocean Road tu, Dar es Salaam, katika hospitali ambayo Wajerumani waliimaliza mwaka 1897 na ambayo ilifanywa taasisi ya saratani mwaka 1996. Barabara za ndani zilikuwa mbovu, hivyo mabasi yalipitia Sirari, Nairobi na Namanga. Yaani mgonjwa alivuka mipaka miwili ili atibiwe nchini mwake!

Bugando ya Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilianza huduma za saratani mwaka 2009, na mionzi ikafuata. Njia ikafupika, tarehe za kuhudhuria hazikupungua. Nilipomsindikiza dada yangu niliona kwamba dawa za dripu hutolewa kila baada ya wiki tatu, na kabla yake damu hupimwa. Chembe nyeupe zikiwa chache, unaambiwa urudi wiki ijayo, na nauli imekwisha kuliwa. Mionzi nayo ni kila siku ya kazi, wiki kadhaa mfululizo, kwa hiyo lazima upate pa kulala mjini.

Kwetu fedha ya namna hiyo iko zizini, na zizi ni la mume. Shemeji aliuza ng'ombe wawili bila maneno. Kwa wa tatu wazee waliitisha kikao, wakakaa siku nne, huku tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ikipita. Siku ya tano tulipanda basi la alfajiri.