Abiria Wasiohesabiwa: Misiba ya Majini na Uwajibikaji wa Serikali Tanzania, 1996–2018

Tangu mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa Tanzania mwaka 1992, matukio machache yameipima imani ya raia kwa serikali yao kama misiba ya majini, yaani kuzama kwa meli na vivuko vilivyojaza watu kupita uwezo wake katika Ziwa Victoria na Bahari ya Hindi. Hasira iliyofuata kila msiba imezoeleka kuelezwa kuwa ni uchungu wa waliofiwa, ambao hupoa kadiri siku zinavyopita. Mfuatano wa matukio hayo, hata hivyo, unaonyesha kwamba hasira hiyo ilikuwa na hoja iliyojirudia kwa zaidi ya miaka 20: serikali ile ile isiyohakikisha kwamba watu wanahesabiwa wanapopanda chombo ndiyo iliyojitwika kazi ya kuwahesabu walipokwisha kufa, na pengo lililokuwapo kati ya hesabu hizo mbili halikupata kuzibwa.

Usafiri wa meli katika Ziwa Victoria ulipata nguvu mwanzoni mwa karne ya 20, reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901 na meli za mvuke zikaanza kuziunganisha bandari za pande zote za ziwa hilo. Kwa miongo kadhaa meli hizo ziliendeshwa kama sehemu ya huduma za pamoja za reli za Afrika Mashariki, lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mali zake ziligawanywa, na upande wa Tanzania meli zikawekwa chini ya Shirika la Reli Tanzania. Kwa wakazi wa Kagera mgawanyo huo haukuwa jambo la makabati ya ofisini tu, kwa kuwa barabara ya kuelekea Mwanza ilikuwa mbovu na ndefu, na hivyo meli ndiyo iliyowabeba wanafunzi, wagonjwa, watumishi na wafanyabiashara, pamoja na mikungu ya ndizi iliyosafirishwa kwenda kuuzwa Mwanza. Mtu aliyepanda meli iliyojaa hakuwa ameichagua hatari kwa uzembe, maana njia nyingine aliyokuwa nayo ilikuwa kubaki nyumbani.

MV Bukoba iliundwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya njia hiyo ya Bukoba na Mwanza, ikiwa na uwezo wa kuchukua abiria 430 na mizigo ya tani 850. Tatizo lake kubwa lilikuwa uthabiti, yaani uwezo wa chombo kurudi wima kinapoelemea upande mmoja, ambao hupungua uzito unapopangwa juu kuliko chini au watu wanapohamia upande mmoja kwa pamoja. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, meli hiyo ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Idadi ya waliokufa imekuwa ikitajwa kuwa zaidi ya 800, na makadirio mengine yanakaribia 1,000. Tofauti hiyo ya karibu watu 200 inatokana na utaratibu wa tiketi wenyewe: orodha ya abiria, yaani kumbukumbu ya majina inayopaswa kuachwa bandarini kabla ya chombo kung'oa nanga, iliwahusu wasafiri wa daraja la kwanza na la pili, ilhali wasafiri wa daraja la tatu, waliolipa nauli ndogo na waliokuwa wengi kuliko wengine wote, hawakuandikwa popote. Kwa hiyo daraja la nauli liliamua pia nani angejulikana kuwa amekufa na nani angebaki kuwa jina linalotajwa na jamaa zake pekee.

Jambo la pili lililobaki katika kumbukumbu za watu ni uokoaji. Meli haikuzama mara moja, bali ilielea kwa saa kadhaa ikiwa imepinduka, na ndani yake walikuwamo watu waliokuwa hai katika hewa iliyonaswa chini ya chuma. Tundu lilipotobolewa katika sehemu ya meli iliyokuwa juu ya maji ili kuwatoa watu hao, hewa iliyokuwa ikiifanya meli ielee ilitoka, na chombo kikazama pamoja na waliokuwa wakisubiri kuokolewa. Nchi haikuwa na kikosi kilichofunzwa kwa kazi ya namna hiyo, na wapiga mbizi walilazimika kuletwa kutoka Afrika Kusini kwa ajili ya kuopoa miili, ambayo mingi ilizikwa katika makaburi ya pamoja ya Igoma, jijini Mwanza. Walioshuhudia hawakusahau kwamba baadhi ya waliokufa walikuwa hai msaada ulipofika, na hapo ndipo neno "ajali" lilipoanza kuonekana dogo mno kulieleza tukio lile.

Wakati huo Rais Benjamin Mkapa alikuwa na miezi sita tu madarakani, baada ya uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi uliofanyika mwaka 1995. Mwezi Januari 1996 alikuwa ameunda tume ya kuchunguza kero ya rushwa chini ya uenyekiti wa Joseph Warioba, na ripoti yake iliyotolewa mwishoni mwa mwaka huo ilieleza jinsi rushwa ilivyopenya katika huduma za kawaida zinazomgusa mwananchi. Wasomaji wa magazeti binafsi, ambayo yalikuwa yameongezeka katika miaka hiyo, waliweza kuyaona mambo hayo mawili kuwa jambo moja: mtu aliyezoea kuona kwamba huduma hupatikana kwa kumpoza ofisa hakuhitaji mtaalamu wa kumweleza jinsi chombo kinavyoweza kujazwa mbele ya macho ya wanaolipwa kukizuia.

Baada ya siku tatu za maombolezo iliundwa tume ya uchunguzi, na maofisa wa Shirika la Reli walifikishwa mahakamani. Tume ya uchunguzi ni chombo cha muda kinachoundwa na rais kwa mujibu wa sheria iliyorithiwa katika msingi wake kutoka utawala wa Waingereza, nacho huwahoji mashahidi, hutafuta chanzo cha tukio na kumkabidhi rais mapendekezo. Nguvu yake ni kwamba huweza kuuliza maswali ambayo mahakama, inayoshughulika na makosa ya mshtakiwa mmoja mmoja, haiyafikii. Udhaifu wake ni kwamba hufa siku inapokabidhi ripoti, bila kuacha nyuma yake mtu mwenye wajibu wa kufuatilia utekelezaji, na iwapo ripoti haikuchapishwa raia hawana kipimo cha kuilinganisha ahadi na kilichofanyika. Ndiyo sababu tume, ambayo iliundwa ili kuituliza hasira, polepole ikawa moja ya vyanzo vyake.

Hali hii haikuwa ya Tanzania peke yake. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha MV Mtongwe kilizama Mombasa, mita chache kutoka gatini, kikiwa na watu takriban 400 ilhali uwezo wake ulikuwa watu 300, na watu 272 wakafa. Mazingira yalifanana na yale yatakayoonekana baadaye katika msiba wa Ukerewe wa mwaka 2018: chombo cha umma, safari fupi ya kila siku, wafanyakazi na wachuuzi wasio na njia mbadala, na msongamano uliozoeleka kiasi cha kutoonekana tena kuwa ukiukaji wa kanuni.

Baada ya MV Bukoba sheria zilibadilishwa kwa kiasi kikubwa. Sheria ya mwaka 2001 ilianzisha Mamlaka ya Udhibiti wa Usafiri wa Nchi Kavu na Majini (SUMATRA), sheria mpya ya usafiri wa meli ikapitishwa mwaka 2003, na Zanzibar nayo ikaunda mamlaka yake ya usafiri wa baharini. Hata hivyo, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idd el-Fitri, MV Spice Islander I iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ilizama karibu na Nungwi. Meli hiyo ilikuwa na uwezo wa abiria wapatao 600, na makadirio ya mwanzo ya waliokuwamo yalikuwa chini sana ya idadi iliyokuja kubainika. Miili iliyopatikana ilikuwa 203, lakini uchunguzi wa serikali ulipokamilika mwanzoni mwa mwaka 2012 ilikubalika kwamba waliokufa na waliopotea walizidi 1,500. Kwa miezi kadhaa, basi, familia za Pemba ziliishi kati ya idadi mbili, moja ikiwa ya tangazo la serikali na nyingine ikiwa ya vitanda vilivyobaki vitupu majumbani, na ya pili ndiyo iliyokuwa karibu na kweli.

Miezi kumi baada ya msiba huo, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Safari hii Waziri wa Miundombinu na Mawasiliano wa Zanzibar, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu. Hatua hiyo ilikuwa na mfano katika historia ya nchi, kwa sababu mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi aliacha uwaziri wa Mambo ya Ndani kufuatia vifo vya raia mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga na Mwanza, ingawa hakuwa ametenda kosa hilo yeye mwenyewe. Kuwajibika kwa maana hiyo ni kukubali kwamba cheo hubeba dhima ya yale yanayofanyika chini yake, na ukweli kwamba mifano hiyo inakumbukwa kwa majina unaeleza jinsi ilivyo michache.

Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, yaani soko linalofanyika kwa siku maalumu ya wiki, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Bwisya katika kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walikuwa 228 na waliookolewa 41. Wa kwanza kufika walikuwa wakazi wa Ukara wenyewe wakiwa na mitumbwi yao, na giza lilipoingia uokoaji ulisitishwa hadi asubuhi. Siku ya Jumamosi, zaidi ya siku moja na nusu baada ya kivuko kupinduka, fundi mmoja alitolewa akiwa hai kutoka karibu na injini, tukio lililoleta furaha na wakati huo huo swali zito kuhusu saa zile za usiku ambazo kazi ilisimama. Mbunge wa Ukerewe wakati huo, Joseph Mkundi, alikuwa ameshaieleza serikali bungeni hali mbaya ya kivuko hicho kabla hakijazama.

Rais John Magufuli alitangaza siku nne za maombolezo, akaamuru waliohusika wakamatwe, akavunja bodi ya Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA) uliokuwa ukiendesha kivuko hicho, na kamati ya uchunguzi ikaundwa chini ya Jenerali mstaafu George Waitara. Hatua hizo zilikuwa za haraka kuliko zile za mwaka 1996, lakini ziliuacha mfumo mahali pale pale, kwa kuwa serikali ndiyo iliyomiliki kivuko, iliyokiendesha, iliyokikagua na iliyojichunguza. Mwezi huo huo Bunge lilikuwa limepitisha marekebisho ya Sheria ya Takwimu yaliyofanya kuwa kosa kutoa takwimu zinazopingana na zile rasmi, hadi yalipolegezwa mwaka 2019. Kwa nchi ambayo familia zake zilikuwa zimeonyesha, katika msiba wa mwaka 2011, kwamba idadi ya kwanza ya serikali ilikuwa mbali na ukweli, sheria hiyo iligusa haki ya msingi ya mfiwa, ambayo ni kusema kwamba ndugu yake hayumo katika hesabu.

Kwa kuyatazama matukio haya kwa pamoja, dai kwamba wananchi husahau upesi halina msingi, kwa kuwa kumbukumbu hufanyika Igoma kila tarehe 21 Mei, na walichokidai waliofiwa Mwanza hakikutofautiana na kilichodaiwa Pemba wala Ukara. Rambirambi, bendera nusu mlingoti na ubani kwa familia ni mambo ya heshima ambayo hakuna aliyeyakataa, lakini hayajibu swali la nani aliyekuwa na mamlaka ya kukizuia chombo kisiondoke na kwa nini hakuyatumia. Kwa hiyo kipimo cha haki cha serikali yoyote katika jambo hili hakipatikani katika wiki ya msiba, wakati viongozi wote wako gatini, bali katika siku ya kawaida ya gulio, kwa kuangalia kama yupo ofisa anayeandika kila jina bila kujali nauli iliyolipwa, kama anaweza kukizuia kivuko cha serikali bila kuhofia kazi yake, na kama ripoti za misiba iliyopita ziko mikononi mwa umma unaopanda vyombo hivyo. Mambo hayo matatu hayahitaji utajiri ambao nchi haina, na hadi yatakapotimizwa hasira ya raia itakuwa ushahidi sahihi zaidi wa historia hii kuliko tamko lolote la maombolezo.