Boila mpya, mabomba ya zamani: jaribu kwa maji kwanza

Ukishafunga boila mpya kwenye mabomba ya zamani, usikimbilie kuwasha moto. Kwanza hakikisha mfumo wote unahimili mgandamizo. Desturi hii imetokana na vifo vya watu.

Mwaka 1905, kiwanda cha viatu cha Grover mjini Brockton, Massachusetts, nchini Marekani, kilikuwa na boila mpya na ya zamani. Ile mpya ilizimwa ifanyiwe matengenezo, ikawashwa ya zamani. Asubuhi ya tarehe 20 Machi ikalipuka na kutoboa paa. Jengo likaporomoka na kuungua. Watu 58 walikufa. Ufa ulikuwa umejificha pale mabati mawili ya chuma yalipopandana, mahali pasipoonekana kwa macho.

Mwaka 1907 Massachusetts ilitunga sheria ya boila. Mwaka 1914 chama cha wahandisi mitambo wa Marekani kikakamilisha kanuni zake: boila ijazwe maji, kisha ishindiliwe hadi mara 1.5 ya mgandamizo wake wa kazi.

Kwa nini maji, si hewa? Maji hayashindiliki kirahisi. Bomba likipasuka, mgandamizo hushuka mara moja na maji humwagika tu. Hewa iliyoshindiliwa hutanuka kwa kishindo na kurusha vyuma.

Kwa hiyo toa hewa yote, jaza maji baridi, fikisha mgandamizo ulioelekezwa na mtengenezaji, kisha subiri. Mshale wa geji ukishuka, tafuta panapovuja, hasa kwenye viungo vya zamani. Moto uwashwe mshale ukishatulia.